Mkono Unapofika

Jumberi hutandaza lenzi zake juu ya blanketi la jeshi
karibu na daraja, Kutaisi, kila Jumapili isiyo na mvua.
Nne zililala chali kama kobe waliopinduliwa:
ishirini na nane, thelathini na tano, hamsini, themanini na tano.
"Hizi hazivuti," akasema. "Ukitaka karibu, nenda karibu.
Ukitaka mbali, rudi nyuma, ila usitumbukie Rioni."
Fisi alishindwa na njia mbili.
Mimi, fundi lifti mwenye pesa za lenzi moja,
nilikuwa na nne.
Nikamwekea rehani drili yangu, akaniazima kila moja kwa wiki.

Kwanza themanini na tano.
Jiko letu halikuitosha. Nilitoka hadi ngazini,
nikampiga mama kupitia mlango wazi:
sikio, hereni, mvuke wa maharage. Uzuri wa kukopa.
Kisha dirishani, nikamnyakua Tsiala wa ng'ambo ya ua
akianika soksi za mumewe, moja moja.
Picha ilitoka laini kama siagi.
Kesho yake aliniona, akashusha pazia,
na tangu hapo hunisalimu kwa kichwa, si kwa mdomo.

Ishirini na nane ni shahidi asiyejua kunyamaza.
Ukimuuliza habari za meza anakupa na dari,
bomba linalovuja, kalenda ya mwaka juzi,
na kiti cha baba.
Nikainama. Nikasogea kushoto. Nikapanda juu ya stuli.
Kimo.
Pembeni kabisa, kimevutika kidogo, lakini kimo.
Mama aliitazama picha ile kwenye kioo cha kamera,
akasema tu, "Kumbe mguu wake mmoja umelegea."

Hamsini, kila mtu anaisifu. Ndiyo jicho la binadamu, wanasema.
Huenda. Binadamu aliyebandika mgongo kwenye friji
na kuisikia ikimngurumia mbavuni.
Kila kitu mahali pake, kila mtu na ukubwa wake,
na mimi nje ya meza, kama yule wa gesi anayekuja kusoma mita.
Niliipenda. Sitasema uongo, niliipenda kuliko zote.
Ilimpa mama nuru ya saa nne asubuhi
ambayo yeye mwenyewe hajui kama anayo.

Thelathini na tano niliichukua kutimiza hesabu.
Ilinibidi nivute stuli, nikae kwenye kona ya meza.
Mama anakata jibini. Napandisha kamera.
Mkono wake unaingia kwenye picha na kipande cha mkate,
unakua, unakua, unaziba dirisha zima.
"Shika basi, unapoa."
Nikaweka kamera chini.
Wiki nzima nilipata picha kumi na moja,
saba kati yake ni kiganja tu,
nami nikaongezeka kilo moja na nusu.

Jumapili Jumberi akaniuliza, ipi?
Niliishika hamsini muda mrefu, nikaizungusha pete yake,
ikateleza kama lifti mpya iliyotiwa mafuta.
Ila nilikuwa nimeshapima, kwa futi kamba ya kazini:
kutoka friji hadi sahani, mita moja na sentimita themanini.
Mkono wa mama ni sentimita sitini,
na kila mwaka unapungua.

Nikaonyesha ile nyingine.
"Hiyo ina ukungu kioo cha nyuma," akasema,
mtu mwaminifu kuliko biashara yake.
"Nakupunguzia lari kumi."
Kwa lari kumi nikanunua gundi ya mbao na skrubu nne.

Stuli imerudi bafuni.
Kiti hakichezi tena. Ndicho ninachokalia,
ndiyo maana hukioni kwenye picha.